Haikuwa Kombora, Lilikuwa Tangi Tupu

Wasee, leo nimefuta video yangu mwenyewe. Ile ya ndege ya TWA iliyolipuka Marekani mwaka 1996, ambapo nilisimama mbele ya kamera na sura ya mtu anayejua siri za dunia nikasema ni kombora. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Ilinipa wafuasi wapya, ikanipa hata tangazo langu la kwanza la kulipwa. Na nilichosema hakikuwa kweli.

Aliyenishika ni anko wangu. Anko ni fundi wa kuchomelea pale jua kali Nakuru, anatengeneza mageti, vitanda vya chuma na kuziba matangi ya mafuta ya malori. Mambo ya ndege hajui. Binti yake alimwonyesha video yangu, akanipigia simu jioni hiyo hiyo.

"Wewe kijana, nimeona sinema yako. Hiyo tangi ya katikati ilikuwa na mafuta ngapi?"

Nikamwambia nimesoma mahali kwamba ilikuwa karibu tupu.

"Na ilikuwa imekaa kwa joto?"

Nikasema sijui, Anko.

"Sasa hiyo kombora unatafutia nini?"

Akakata simu. Anko huwa hapotezi krediti.

Kuna kitu kila fundi wa kuchomelea anajua, na asiyekijua hafiki mbali kwenye hiyo kazi. Tangi lililojaa mafuta ni lipole kuliko tangi tupu. Mafuta yenyewe, yakiwa maji maji, hayashiki moto. Kinachoshika ni mvuke wake, na mvuke ukichanganyika na hewa kwa kipimo fulani unangoja cheche moja tu. Tangi likijaa, hewa haina mahali pa kukaa. Tangi likiwa tupu, na pale chini kumebaki kikombe kimoja tu cha mafuta, hapo ndipo kuna bomu. Kwa hiyo Anko akiletewa tangi la lori analijaza maji kwanza hadi karibu na mahali anapochomelea. Kama maji hayawezekani, anachukua mpira, anauunganisha na egzosi ya pikapu, anaingiza moshi ndani ya tangi mpaka anaridhika. Moshi wa egzosi una oksijeni kidogo sana, na bila oksijeni moto hauna la kufanya. (Msiende kujaribu. Yeye mwenyewe anasema hiyo ya moshi ni kubahatisha.) Nikiwa darasa la saba, kijana mmoja wa kibanda cha jirani alichomelea pipa aliloambiwa limeoshwa. Mfuniko ulimvunja taya. Bado yuko, lakini hadi leo anakunywa chai kwa mrija.

Mimi nilisomea uhandisi wa mitambo hadi mwaka wa pili, kabla karo kunishinda. Nilichorewa ile pembe tatu ya moto ubaoni, mafuta, oksijeni na cheche, nikaichora kwenye mtihani nikapata alama zote. Na bado nilitafuta kombora.

Basi nikaketi chini nikasoma ripoti ya NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri. Ilitoka Agosti 2000, baada ya uchunguzi wa miaka 4.

Ndege ilikuwa Boeing 747, ilianza kazi mwaka 1971, kwa hivyo ilikuwa inakaribia miaka 25 na ilikuwa imeruka zaidi ya saa 93,000. Tarehe 17 Julai 1996 ilifika New York kutoka Athens na jioni hiyo ilikuwa iende Paris. Safari ikachelewa. Gari moja la huduma liliharibika pale uwanjani, halafu ikaonekana kuna begi ambalo mwenyewe hajulikani kama amepanda. Begi likatafutwa, watu wakangoja, kumbe mwenyewe alikuwa ameketi ndani siku zote. Wakati huo wote, kwa karibu saa 2 na nusu, mashine za kupoza hewa ya abiria zilikuwa zinanguruma. Kwenye 747 mashine hizo zimewekwa chini ya tumbo la ndege, na juu yake ndipo lilipo tangi la katikati. Zinapoza abiria, lakini zenyewe zinatoa joto kali. Yaani tangi lilikuwa limewekwa juu ya jiko.

Tangi hilo linaweza kubeba zaidi ya lita 45,000. Kwa sababu Paris si mbali sana kwa ndege kama hiyo, mafuta ya mabawa yalitosha, na la katikati halikujazwa. Lilikuwa na lita 190 hivi tu. Soma tena swali la Anko hapo juu.

Mafuta ya ndege za abiria ni ndugu wa mafuta ya taa. Kwa usawa wa bahari yanahitaji kufika nyuzi 38 hivi za Selsiasi ndipo mvuke wake uweze kuwaka, na ndiyo maana watu waliyaona ni salama. Lakini ndege ikipanda, shinikizo la hewa linashuka, na mafuta yanatoa mvuke kwa urahisi zaidi. Wachunguzi walikodi 747 nyingine, wakawasha mashine zake kama siku ile, wakairusha na vipima joto ndani ya tangi. Mvuke ulikuwa umepita kiwango cha kuwaka.

Ndege iliruka saa 2:19 usiku. Dakika 12 baadaye, ikiwa futi 13,800 juu ya bahari karibu na Long Island, tangi la katikati lililipuka na sehemu ya mbele ikakatika. Watu 230, hakuna aliyepona. Kati yao walikuwa wanafunzi 16 wa klabu ya Kifaransa kutoka mji mdogo wa Montoursville, Pennsylvania, pamoja na watu wazima 5 waliowasindikiza. Hiyo ndiyo safari niliyoifanya kuwa burudani ya sekunde 90, na muziki wa kutisha nyuma.

Cheche ilitoka wapi? Hapa ripoti ni ya uaminifu kuliko mimi. Inasema haikuweza kuthibitisha kwa uhakika. Kinachoelekea zaidi ni shoti iliyotokea nje ya tangi, umeme mkubwa ukarukia kwenye nyaya za geji ya mafuta na kufuata nyaya hizo hadi ndani. Nyaya za geji hubeba umeme mdogo sana kwa makusudi, lakini njiani zilikuwa zimefungwa fungu moja na nyaya za umeme mkubwa, na za ndege ya miaka 25 huwa zimechubuka. Kinasa sauti cha rubani kilimnasa nahodha, kama dakika mbili na nusu kabla ya mlipuko, akishangaa geji ya mafuta ya injini namba 4 ilivyokuwa inaruka ruka.

Na kombora je? Mashahidi 258 walisema waliona mwanga ukipita angani. Hao si waongo. Ndege ilipokatika mbele, sehemu ya nyuma, yenye mabawa na injini, iliendelea kwenda juu kwa muda ikiwaka moto. Ukiwa ufuoni, kilomita nyingi kutoka hapo, unachokiona ni mwanga unaopanda. FBI walichunguza sambamba na NTSB, na Novemba 1997 wakasema hawakupata ushahidi wa uhalifu. Zaidi ya asilimia 95 ya ndege ilitolewa baharini na tumbo lake likaunganishwa upya kipande kwa kipande kwenye hanga. Alama ya kombora haikuonekana popote.

Kabla ya hapo, Novemba 1996, Pierre Salinger, aliyewahi kuwa msemaji wa Rais Kennedy, alitangaza kwamba ana waraka unaothibitisha ni jeshi la wanamaji la Marekani lililotungua ndege hiyo. Ikagundulika waraka wenyewe ulikuwa umezunguka kwenye intaneti kwa miezi. Marekani wakatunga hata jina, ugonjwa wa Pierre Salinger, la mtu anayeamini kila anachokikuta mtandaoni. Mwaka 1996! Intaneti ya simu ya waya! Na mimi nimeugua huo huo mkiniangalia.

Lakini sitaki kukaa sana kwa hiyo ya kombora, maana ndiyo inayotuibia story yenyewe. Story yenyewe inauma zaidi. Hii hatari ilijulikana miaka 33 kabla ya TWA.

Tarehe 8 Desemba 1963, Boeing 707 ya Pan Am ilikuwa inazunguka juu ya Maryland, ikingoja hali ya hewa itulie ishuke Philadelphia. Radi ikaipiga, mvuke ndani ya tangi la bawa la kushoto ukawaka, bawa likakatika. Watu 81 walikufa. Baada ya hapo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege ziwekewe vile vijiti vya kutoa umeme tuli ambavyo ukikaa dirishani unaviona nyuma ya bawa. Utafiti wa radi ukaongezwa. Wahandisi walikubali kwamba mvuke ndani ya tangi unaweza kuwa tayari kuwaka wakati wowote, halafu wakaamua dawa ni kuzuia cheche. Kila cheche. Milele.

Hebu fikiria huo mpango kama vile unalea mtoto kwenye nyumba iliyojaa petroli, na mkakati wako wote ni kuficha viberiti.

Mwaka 1976, 747 ya jeshi la anga la Iran ikapigwa na radi karibu na Madrid, watu 17 wakafa. Tarehe 11 Mei 1990, 737 ya Philippine Airlines, ndege mpya kabisa ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka, ililipuka tangi la katikati ikiwa bado chini Manila, inasukumwa kutoka kituoni. Siku ya joto, mashine za kupoza hewa zinafanya kazi, na tangi halikuwa limewekwa mafuta tangu Machi. Watu 8 wakafa. Hapo hakukuwa na radi wala nyaya za miaka 25. Kila wakati cheche ilikuwa tofauti, au haikupatikana kabisa. Tangi lenye mvuke na hewa ndilo lilikuwa pale kila mara.

Na dawa ya pili ilikuwepo. Hapa ndipo nilipompigia Anko simu kwa krediti yangu. Katika Vita Vikuu vya Pili, Wasovieti walikuwa wanachukua moshi wa egzosi ya injini ya ndege ya vita, wanaupoza, wanauingiza kwenye matangi ya mafuta ili risasi ikipenya isikute oksijeni. Ni mpira na pikapu ya Anko, tofauti ni mabawa tu. Alicheka sana.

Baadaye majeshi yakahamia naitrojeni, gesi ambayo ndiyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta na ambayo haichangii moto. Ndege ya ujasusi SR-71, iliyopita mara 3 ya kasi ya sauti na matangi yake kuchemka, ilibeba naitrojeni. Ndege kubwa ya mizigo ya jeshi, C-5 Galaxy, pia. Na ukidhani hawakuwahi kufikiria abiria, FAA wenyewe walijaribu naitrojeni kwenye DC-9, ndege ya abiria, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilifanya kazi. Ikarudishwa kabatini, miaka 25 kabla ya wale wanafunzi kupanda ndege.

Ilirudi kabatini kwa sababu ya hesabu. Vifaa vilikuwa vizito na ghali, na Marekani sheria mpya ya usalama inapimwa, gharama upande mmoja, maisha yatakayookolewa upande wa pili, kwa dola. Desemba 1996 NTSB waliwaomba FAA wazingatie naitrojeni. Kamati ya wataalamu, wengi wao kutoka kwenye sekta yenyewe ya ndege, ikakaa mwaka 1998. Nyingine ikakaa ikamaliza mwaka 2001. Zote zikasema gharama inazidi faida kwa mbali.

Mwaka huo huo wa 2001, tarehe 3 Machi, 737 ya Thai Airways ililipuka ikiwa imeegeshwa Bangkok, ikingoja kupandisha abiria. Mmoja wa wahudumu wa ndani alikufa. Kwa sababu Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra alikuwa apande ndege hiyo, kila mtu alisema ni bomu. Wachunguzi wakakuta ni tangi la katikati, mashine za kupoza hewa zilikuwa zimewaka, siku ya joto. Mnaona? Hata huko watu walikimbilia kwanza story yenye adui.

Sasa, mimi si mtu wa kusema wale wa kamati walikuwa mashetani. Hesabu za namna hiyo lazima zifanyike, hata serikali ya kaunti inayochagua kati ya matuta ya barabara na ambulansi inazifanya, ijapokuwa haikuambii. Shida yangu ni kwamba hesabu ilikuwa na tarakimu moja ambayo hakuna aliyerudi kuiangalia. Jeshi lilitaka oksijeni ndani ya tangi ishuke hadi asilimia 9, kwa sababu ndege ya vita inapigwa risasi. Kushusha kutoka asilimia 21 hadi 9 kunahitaji naitrojeni nyingi, mashine kubwa, uzito mkubwa. Kila mtu akachukua hiyo 9 akaipigia hesabu za ndege ya abiria, ikatoka ghali, wakaenda nyumbani.

Waliorudi kuiangalia ni kikundi kidogo cha wahandisi wa maabara ya moto ya FAA, karibu na Atlantic City. Wakachoma, wakalipua, wakapima. Wakakuta kwamba kwa cheche za kawaida, asilimia 12 karibu na usawa wa bahari inatosha. Hakuna anayeipiga ndege ya abiria risasi. Ukilegeza hapo, mashine inakuwa ndogo. Na wakatumia kitu kilichokuwepo tayari viwandani, nyuzi nyembamba za plastiki zenye tundu katikati, maelfu kwa maelfu zimefungwa fungu moja ndani ya mkebe. Unasukuma hewa kutoka kwenye injini ipite ndani ya nyuzi, oksijeni inapenya haraka kwenye kuta zake na kutupwa nje, na kinachotokea upande wa pili ni hewa yenye naitrojeni nyingi, unaielekeza kwenye tangi. Haina mitungi ya kujaza kila safari, na karibu haina kitu kinachozunguka ndani yake.

Mwaka 2003 waliirusha kwenye Airbus A320, kisha kwenye 747 ya NASA, ile iliyokuwa inabeba vyombo vya anga mgongoni. Ikafanya kazi. Sheria ikatoka Julai 2008, miaka 12 baada ya TWA. FAA walikadiria kifaa kitagharimu kati ya dola 92,000 na 311,000 kwa ndege moja, kutegemea ukubwa wake, na ndege zaidi ya 2,700 zilizokuwa zinaruka tayari zingehitaji kufungiwa. Mashirika yalipewa muda wa miaka mingi kumaliza. Mwaka huo huo wizara ya uchukuzi ya Marekani ilikuwa inahesabu uhai wa mtu mmoja kwa dola milioni 5.8. Piga hesabu mwenyewe uone kifaa cha ndege nzima ni sehemu gani ya abiria mmoja.

Ile kazi ya kuficha viberiti haikuachwa, na haifai kuachwa. Mwaka 2001 FAA iliwalazimisha watengenezaji wakague upya matangi yote kutafuta mahali cheche inaweza kutokea, na zikafumuka njia ambazo hakuna aliyewahi kuziwaza, kwenye ndege zilizokuwa zimeruka miongo. Nadhani hapo ndipo wengi walikubali kwamba orodha ya cheche haiishi.

Tangu 28 Oktoba 2018, Kenya Airways wanatoka Nairobi moja kwa moja hadi JFK, uwanja ule ule ilikotoka TWA 800, kwa Boeing 787. Hiyo 787 ilitengenezwa na mashine ya naitrojeni ndani yake kutoka kiwandani. Ukipanda huioni, huisikii, na hakuna mtu atakayekuonyesha kwenye ile video ya mkanda wa kiti.

Sheria ya 2008 lakini haikuzilazimisha ndege za zamani za mizigo mitupu zifungiwe kifaa. Hesabu tena. Ndani kuna marubani wawili au watatu, na sanduku. Nilipomwambia Anko hiyo, alinyamaza kidogo, akauliza wale marubani wanajua. Nikamwambia nadhani wanajua, Anko, ni kazi yao kujua. Akasema hata yule kijana wa pipa aliambiwa limeoshwa.

Video mpya itatoka Ijumaa. Itakuwa ndefu, haina muziki, na Anko amekubali kuonekana, lakini anataka kwanza anyoe.